Mwanamke Aliyejua Wageni Wanataka Nini

Kwa majirani zake Mama Karibu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, miguu kwenye kanyagio, midomo imebana pini. Jina lenyewe halikutokana na cherehani. Lilitokana na kituo kilichoko mwisho wa mtaa, ambako kwa miaka mingi, kila gari lenye nembo ya shirika lilipoingia getini, yeye ndiye aliyesimama mbele na kusema "Karibuni, karibuni sana." Shemeji yake anadai kwamba kwa sauti ile hata mwizi angevua viatu.

Kituo ni jengo refu la bati lenye milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa ukumbi. Wa pili ni wa chumba cha mazoezi, chenye mikeka na fito mbili za kushikilia. Wa tatu ni wa karakana, na huko ndiko shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikofanya kazi tangu akiwa kijana. Watu humwita Fundi Vyuma. Alitengeneza magongo na vyuma vya miguu kwa ajili ya watoto ambao miguu yao ililegea kwa homa, kwa ajali, au kwa sindano iliyopigwa vibaya. Ndani mlikuwa na jiliwa la kubania vyuma, tanuri la umeme la kulainishia plastiki, na ukuta mzima wa miguu ya plasta iliyoning'inizwa kwa waya, kila mmoja umeandikwa kwa penseli jina la mtoto wake. Mgeni akiingia mara ya kwanza hushtuka. Watoto wenyewe hawashtuki. Huingia wakitafuta mguu wao na kucheka ya wenzao.

Mmoja wa watoto hao ni mjukuu wa kike wa Mama Karibu. Jina lake la shuleni linajulikana na walimu tu. Wengine wote humwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Mama yake anafanya kazi mbali na huja nyumbani akipata nafasi. Mguu wa kushoto wa Chiriku ulilegea kabla hajajua kutembea, na alipojua, alijua akiwa amevaa chuma: fito mbili nyembamba pembeni mwa mguu, bawaba kwenye goti, mikanda ya ngozi pajani na kwenye ugoko, chini kiatu kilichotobolewa kisigino ili fito zipite. Chuma cha namna hiyo hakidumu. Mtoto akirefuka, bawaba huachana na goti na mikanda huanza kuuma nyama, kwa hiyo lazima kitengenezwe kingine. Fundi Vyuma alikuwa ameshamtengenezea vitano.

"Mlishe kidogo kidogo huyu, shemeji," alizoea kusema. "Anakua kama ana ugomvi na mimi."

"Wewe ndiye mwenye ugomvi na kazi," Mama Karibu alimjibu. "Pinda chuma, acha kupinda maneno."

Mwaka wa kisa hiki Chiriku alikuwa darasa la nne. Shule yake ni ya ghorofa moja. Madarasa ya chini yako chini, na kuanzia darasa la tano watoto hupanda juu, kwa ngazi za saruji zenye kona katikati na bomba la kushikilia upande mmoja tu. Kwa chuma kinachomkaa sawasawa Chiriku angeweza kuzipanda. Walikwishazijaribu siku za likizo, bibi akiwa nyuma yake. Kwa chuma kifupi haiwezekani. Ilikuwa lazima chuma cha sita kiwe tayari kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa.

Ili kuelewa jinsi chuma hicho kilivyokosekana, ni lazima kwanza kueleza kipaji cha Mama Karibu.

Fundi cherehani mzuri hasikilizi sana maneno ya mteja. Mwanamke anayesema anataka gauni la kawaida tu, tena akasema hivyo mara mbili, anataka gauni litakalofanya wifi zake wanyamaze. Anayesema "libane kidogo" hataki libane. Mama Karibu alijifunza hayo akiwa msichana, kwa fundi aliyemfunza kazi, na alipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya kituo aliyahamishia kwa wageni. Aliwatazama walivyoshuka kwenye gari. Aliangalia maandishi ya fulana zao, aliangalia kitu walichopiga picha kwanza, alisikiliza neno walilolirudia. Chai ilipofika mezani alikuwa ameshajua wamekuja kuombwa nini.

Mwaka ambao wageni walivaa fulana zenye picha ya mche, aliomba miche. Wageni walipouliza habari za wanawake kabla ya kuuliza choo kiko wapi, aliomba kikundi cha wanawake. Ulipofika mwaka wa kujitegemea, kamati za vituo vingine zililalamika na zikapewa kalenda. Yeye alisema "tutajitegemea" na kituo kikapata jenereta.

Karakana hakuiomba hata mara moja. Hiyo ilikuwa kanuni yake, na kamati nzima iliijua. Kitu unachokihitaji kuliko vyote usikitaje, kwa sababu mgeni amekuja na neno lake mfukoni, na neno lako likigongana na lake, lako ndilo linalorudi nyumbani. Karakana ilipitia mlango wa nyuma. Pamoja na miche zilikuja fito za chuma "za kitalu". Pamoja na kikundi cha wanawake ilikuja ngozi. Aliyeruhusu yote hayo alikuwa mkurugenzi wa kanda wa zamani, mgeni mnene kutoka ng'ambo aliyejulikana kama Mzee Kofia. Mzee Kofia aliamua kila kitu peke yake. Hakumuuliza mtu, alichelewa kila mkutano na alisinzia katika hotuba. Lakini kabla ya kuondoka alipita karakana, akagusa miguu ya plasta kwa kidole kimoja kama mtu anayehesabu maembe ya jirani, kisha akasema, "Na vyuma kidogo, eh?" Vyuma vikaja.

Kisha Mzee Kofia akastaafu, na makao makuu ya shirika, huko ng'ambo, yakapitisha jambo lililobishaniwa kwa miaka: kuanzia sasa wenye kuamua watakuwa wenyeji. Fedha zitagawanywa na baraza la kamati zote za kanda, kila kamati ikisema yenyewe inachotaka. Ofisi itabaki kusaidia na kunyamaza. Mkurugenzi mpya wa kanda alikuwa mwanamke mzaliwa wa humu humu nchini, mtu makini, mwembamba, mwenye miwani mikubwa. Kamati ilimpa jina la Bi Miwani hata kabla hajafunga mlango wa gari.

Inafaa kusema wazi kwamba Bi Miwani hakuwa mnafiki. Alikuwa amekaa kwenye mikutano ya ng'ambo akisema jambo hilo moja mpaka watu wakachoka kumwona akinyoosha mkono. Aliamini kwamba watu wanajua wanachohitaji. Na watu wa kituo kile walijua.

Alipofika alikataa kukaa meza kuu. Aliomba viti vya plastiki vipangwe mviringo. Jambo hilo liliisumbua kamati tangu mwanzo, kwani kwenye mviringo mtu hajui aangalie wapi, wala mwenyekiti hajui yuko mwanzo au mwisho. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, aliyezoea kuwa na ubao nyuma yake. Aligeuka mara mbili kuutafuta.

"Sikuja na jibu," Bi Miwani alisema. "Najua mmewahi kuulizwa mnataka nini, halafu mkaletewa kingine. Mara hii haiko hivyo. Mtakachosema ndicho kitakachokwenda kwenye baraza, neno kwa neno. Mimi sitaongeza, sitapunguza. Hata nikiona mmekosea, sina mamlaka ya kugeuza. Uongozi ni wenu."

Mwalimu alimwinamia Mwenye Duka, mweka hazina. "Hata yule wa miche alianza hivi hivi," alinong'ona.

Bi Miwani akaendelea kueleza uongozi wa jamii ni nini, na uwezo wa jamii, na jinsi baraza litakavyofanya kazi. Wakati fulani aliinua macho akayaweka kwenye dari kwa muda, pale ambapo mbao zilikuwa zimeoza kwa mvua. Kisha akaomba mapumziko, ili kamati ijadiliane bila yeye.

Walijadiliana nje, nyuma ya tangi la maji.

"Haya, Mama Karibu," Mwalimu alisema. "Umemsomaje?"

"Uongozi," alisema. "Amelitaja neno hilo kuliko jina lake. Anataka tuombe mafunzo ya uongozi. Na dari ameitazama. Mafunzo na ukarabati wa ukumbi, basi."

"Ameitazama mno," Mwenye Duka alikubali. "Mimi nilidhani inaanguka."

Fundi Vyuma, naye mjumbe wa kamati, alikuwa ameegemea tangi, mikono kwenye aproni. "Shemeji, mara hii mwambie tu. Mwambie vyuma."

"Nikimwambia vyuma atauliza watoto wangapi."

"Si unamwambia? Hawafiki arobaini."

"Atasema ni wachache."

"Si ni wachache kweli?"

"Ndiyo maana hatusemi." Alimrekebishia kola ya shati, jambo alilomfanyia tangu kijana. "Wewe chuma chako kitakuja kama kinavyokuja siku zote. Lini kilikosa?"

Hakikuwahi kukosa. Fundi Vyuma akainua mabega, wakarudi ndani.

Kamati ile ina desturi ambayo wajumbe wake huisimulia kwa fahari. Mbele ya wageni husema mmoja, na akimaliza wengine hupiga makofi. Hakuna kupingana mbele ya wageni. Watu wanaopingana mbele ya wageni hupelekewa mshauri badala ya msaada. Kwa hiyo Mama Karibu alisimama peke yake ndani ya mviringo akasema kwamba jamii, baada ya kutafakari, inaweka mbele mafunzo ya uongozi kwa kamati na viongozi wa mitaa, pamoja na ukarabati wa ukumbi yatakamofanyika. Makofi yakapigwa.

Bi Miwani aliandika, kisha akaacha kuandika.

"Na karakana?" aliuliza. "Nimepita pale asubuhi. Nimeona kazi nzuri sana. Hamjaitaja."

Swali hilo lingeweza kuokoa kila kitu. Mama Karibu aliligeuza kichwani kama anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wa nje. Katika miaka yake yote ya kupokea wageni, mgeni aliyetaja kitu ambacho hukukiomba alikuwa anakupima. Anataka kuona kama utakimbilia, kama una tamaa, kama wewe ni mtu wa kuombaomba. Jibu lake alilijua.

"Karakana itajitegemea," alisema.

Makofi yakapigwa tena, makubwa kuliko ya kwanza. Fundi Vyuma naye alipiga. Alianza akiwa wa mwisho.

"Mna hakika?"

"Tuna hakika kabisa, mwanangu."

"Sawa," Bi Miwani alisema, na wote waliokuwapo wanakumbuka kwamba macho yake yalilowa kidogo nyuma ya miwani. "Nitayapeleka hivyo hivyo."

Akayapeleka hivyo hivyo. Hilo ndilo ambalo halikuwahi kutokea kabla, na ndilo ambalo hakuna mtu aliyelitarajia.

Lori lilifika miezi michache baadaye. Mama Karibu alisimama karibu na mlango wake wa nyuma wakati linashushwa. Zilishuka mbao za dari, rangi, viti vipya, ubao mweupe wa kuandikia kwa kalamu za wino, na makasha ya vitabu vya mafunzo. Alisubiri mpaka dereva akafunga mlango.

"Hakuna kingine?" aliuliza.

"Kama kipi, mama?"

"Fito. Ngozi. Vitu vidogo vidogo."

Dereva alitazama ndani ya lori tupu kwa adabu, kama vile huenda vilikuwa vimejificha. "Wamenipa hivi tu."

Karakana haikufungwa kwa kufuli. Ilipungukiwa taratibu. Plastiki ilikwisha kwanza, kisha ngozi, kisha umeme wa tanuri ukakatwa, kwa kuwa haukuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Mshahara wa Fundi Vyuma, ambao kila mwaka uliingizwa chini ya jina la mradi mwingine, haukuwa na mradi wa kuingilia. Kujitegemea kwenyewe kulijaribiwa. Wazazi waliombwa wachangie. Walileta walichokuwa nacho na kikatosha magongo mawili.

Wakati huo huo Chiriku alikuwa anarefuka. Bawaba ilishuka chini ya goti, na kila alipokunja mguu fito zilimsukuma mbele. Mkanda wa pajani ulimfanyia kidonda. Aliufunga kitambaa alichokatiwa na bibi yake kutoka kwenye mabaki ya sare, akaendelea kuzungumza.

Mama Karibu alimpigia simu Bi Miwani akiwa amekaa kwenye cherehani, mlango umefungwa, jambo lililowafanya wateja wawili wadhani kuna msiba.

Hakuzunguka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kituo, alisema moja kwa moja alichokuwa anakihitaji. Alisema karakana, alisema vyuma, alisema kuna watoto, na mmoja ni mjukuu wake.

Bi Miwani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mbona nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Na karakana, nikasema."

"Nilidhani unanipima."

"Nikupime kwa nini?"

"Mwanangu, wote walikuwa wanatupima." Akavuta pumzi. "Na dari uliitazama."

"Dari?"

"Uliitazama sana. Tukajua unataka ukumbi."

"Mama," Bi Miwani alisema polepole, "nilikuwa namwangalia mjusi. Nilidhani ataniangukia."

Mama Karibu anasema kwamba hapo alitaka kucheka, na pengine kicheko kilitoka, kwa sababu Bi Miwani naye alitoa sauti ambayo haikuwa ya kulia wala ya kucheka. Kisha Mama Karibu akamuuliza kama hawezi kuongeza fito kidogo tu kwenye lori linalofuata. Kidogo tu, kama alivyofanya Mzee Kofia.

"Mzee Kofia aliweza," Bi Miwani alisema. "Aliweza kwa sababu hakuna aliyemzuia. Nimepigana miaka mingi ili mtu aliyekaa kwenye kiti kile asiweze kufanya kama alivyofanya yeye."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyekaa sasa. Kwa hiyo siwezi." Akaeleza kwamba baraza lilikuwa limeshagawa kila kitu, kwamba kutoa hata ufito mmoja ni kumnyang'anya mwingine alichoamua, kwamba mpango mwingine utaandikwa baada ya miaka mitatu. "Kamati yenyewe ikiandika rasmi kwamba inabadili uamuzi wake, nitalipeleka ombi hilo kwa mikono yangu. Hiyo ndiyo njia pekee. Iwe kauli ya kamati, si yangu."

Kamati ilikutana ukumbini chini ya dari mpya, katikati ya harufu ya rangi. Mama Karibu alieleza simu yote, pamoja na mjusi. Mwenye Duka alicheka mpaka akajifuta macho. Mwalimu hakucheka.

"Unataka tuseme tulikosea," alisema.

"Nilikosea mimi."

"Ulisema wewe, makofi tulipiga sisi. Sasa tuyakanushe makofi?" Alivua kofia akaiweka gotini. "Hebu fikiri, Mama Karibu. Miaka yote wamesema hawa watu hawawezi kujiamulia. Leo wametupa uamuzi. Baraza zima linatuangalia. Tukirudi tukasema samahani, hatukumaanisha tulichosema, watasema nini wale walioko ng'ambo? Watasema si tuliwaambia? Watarudisha Kofia mwingine, na si kwetu tu. Kwa kamati zote."

"Na watoto?"

"Nawaonea huruma. Mimi nimewafundisha baadhi yao."

"Huruma haikunji chuma, Mwalimu."

"Najua. Lakini niambie nimekosea wapi."

Alimtazama shemeji yake. Fundi Vyuma alikuwa anakwangua ukucha wake kwa msumari. Mama Karibu alitafuta kosa katika maneno ya Mwalimu na hakuliona. Kura ikapigwa, kwa mikono safari hii, na mikono iliyoinuka kutaka uamuzi ubadilishwe ilikuwa miwili, wake na wa shemeji yake. Mwenye Duka alikuwa ameinua wake nusu, akaushusha akajikuna sikio.

Muda si mrefu Fundi Vyuma alipata kibarua kwenye banda la kuchomelea mageti na madirisha, barabara kuu. Hakulalamika. Kazi ya geti, alisema, ina raha yake, maana geti halilii ukilibana. Kwa ruhusa ya mwenye banda alikusanya vipande vya mabaki, akatengeneza chuma cha sita baada ya saa za kazi. Fito zilikuwa za dirisha. Badala ya ngozi aliweka mpira wa gurudumu, na bawaba aliitoa kwenye mlango wa kabati. Alikileta nyumbani kwa Mama Karibu kimefungwa kwenye gunia, akapiga magoti mbele ya Chiriku akamvisha.

Chiriku alikitazama. "Babu Mdogo, hiki ni cha mguu au cha geti?"

"Cha mguu."

"Basi wezi hawataniibia."

Alisimama. Alipiga hatua kutoka kwenye kochi mpaka kwenye cherehani, akashika meza, akageuka. Fito za dirisha ni nene mara mbili ya zile za karakana. Alirudi mpaka katikati ya chumba akasimama, jasho limemtoka juu ya mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema.

"Kizito?" Fundi Vyuma aliuliza.

"Kidogo."

"Nitakipunguza."

Alikipunguza. Alipokipunguza kilipinda. Alikinyoosha, akakirudisha, kikapinda tena mahali pengine. Mara ya tatu Mama Karibu alimwambia aache.

"Bado naweza kujaribu, shemeji."

"Acha. Unaumiza mikono yako bure, na mtoto anaumia akikuangalia."

Semina ya uongozi ilifunguliwa katika wiki ile ile shule zilipofunguliwa. Mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kalamu za rangi nne. Alikuwa amesoma habari za kituo kile kabla ya kuja. Jamii iliyochagua kukiacha kitengo kimoja kijitegemee ili ijenge uwezo wa viongozi wake ilikuwa imesifiwa mpaka ng'ambo, na kamati tatu za vituo vingine zilikuwa zimetumwa kuja kujifunza. Aliomba Mama Karibu awe wa kwanza kusimulia.

Alichelewa asubuhi hiyo. Alikuwa shuleni.

Mwalimu mkuu alikuwa amemweleza mapema, bila ukali, kwamba kumpandisha mtoto ngazi zile ni hatari, na kwamba darasa la tano haliwezi kushushwa chini kwa ajili ya mtoto mmoja, kwani vyumba vya chini vimejaa. Walijaribu siku ya kwanza. Mama Karibu alimbeba Chiriku mgongoni mpaka kwenye kona ya ngazi, akapumzika, akambeba mpaka juu, akamkalisha. Saa ya mapumziko alirudi kumshusha, kisha akampandisha tena. Mchana magoti yake yalikataa. Wavulana wawili wa darasa la saba walijitolea kumbeba, mmoja kwapa hili, mmoja kwapa lile, na Chiriku, aliyekuwa amekwisha kuwa msichana wa kuona haya, alikataa kuguswa. Alishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, shule nzima ikiwa uwanjani.

Kwa hiyo siku ya pili akarudishwa darasa la nne. Mwalimu mkuu alisema ni kwa mwaka mmoja tu, mpaka mambo yatengemae. Mama Karibu hakuuliza mambo gani. Alimkalisha Chiriku kwenye dawati la mbele, gongo alilotembelea sasa likiwa chini ya miguu, kati ya watoto waliokuwa wadogo zake. Sare yake ilikuwa mpya. Aliishona yeye mwenyewe, kwa kipimo kikubwa kidogo, akijua atarefuka.

Bibi alisimama nje ya dirisha. Mtoto wa dawati la nyuma alikuwa anamuuliza Chiriku kwa nini mkubwa kama yeye anakaa nao.

"Nimewahi kusoma hapa," Chiriku alimwambia. "Mwalimu akiuliza kitu niangalieni mimi."

Kisha akamwona bibi yake, akakunja uso, akamfanyia ishara ya mkono kwamba aende, watu wanamtazama. Mama Karibu akaenda. Ukumbini walikuwa wanamsubiri, viti vimepangwa mviringo.